Roald Amundsen na Makoti ya Ngozi

Roald Amundsen alizaliwa tarehe 16 Julai 1872 katika nchi ya Norway, iliyo kaskazini mwa Ulaya. Baba yake alikuwa nahodha mwenye merikebu. Mama yake alitaka kijana asomee udaktari, lakini moyo wake ulikuwa katika safari za nchi za barafu. Alipokuwa mdogo alikuwa akilala madirisha wazi katika miezi ya baridi kali, ili auzoeze mwili wake. Baadaye alitambua kwamba mwili, hata ukizoezwa namna gani, haushindani na baridi peke yake. Lazima uwe na vazi lifaalo.

Mwaka 1903 aliondoka kwao na wenzake sita katika merikebu ndogo iitwayo Gjøa, kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini mwa Amerika. Safari hiyo ilikuwa ya hatari. Watu 129 wa msafara wa Sir John Franklin, waliotoka Uingereza mwaka 1845, walipotea wote katika pande zile. Amundsen aliifikisha merikebu yake kwenye kisiwa cha King William, akatia nanga humo kwa majira mawili ya baridi.

Karibu na hapo walikaa Wanetsilik, watu wa taifa la Wainuit. Wageni wengi wa zamani waliwadharau watu hao, kwa sababu hawakuwa na nguo za kufumwa wala vyombo vya kigeni. Amundsen hakufanya hivyo. Aliona kwamba wao na watoto wao wanaishi salama mahali ambapo wageni walikufa, akataka kujua sababu. Basi akawa mwanafunzi wao. Akawapa sindano na vyombo vya chuma, nao wakampa mavazi yao.

Mavazi hayo yalishonwa kwa ngozi za mnyama wa jamii ya kulungu aishiye katika nchi za baridi. Mtu alivaa makoti mawili. La ndani manyoya yake yaligusa mwili; la nje manyoya yake yalitazama nje. Katikati yalibaki nafasi ya hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto la mwili lisipotee. Tena makoti hayo hayakubana. Yalikuwa mapana, ili mtu akifanya kazi hewa ipite, asitoke jasho jingi. Maana katika baridi kali jasho ni adui: huilowesha nguo, kisha hugeuka barafu. Mtu alipoingia nyumbani alikung'uta theluji katika koti la nje na kulivua, lisije likalowa kwa joto la ndani.

Mwaka 1906 Amundsen alimaliza safari ile, wa kwanza kuipita njia hiyo yote kwa merikebu. Lakini hakuyasahau aliyofundishwa. Mwezi wa Januari 1911 alifika Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, akiwa na makoti ya ngozi ya namna ile ile. Alitaka kufika Ncha ya Kusini, naye alijua kwamba Kapteni Scott, Mwingereza, alikuwa na nia hiyo hiyo.

Hofu ya kutanguliwa ilimtia haraka. Tarehe 8 Septemba 1911 aliondoka kabla ya wakati. Baridi ikashuka hata karibu nyuzi 56 chini ya sifuri. Mbwa wakateseka, na visigino vya baadhi ya watu vikadhurika. Ikambidi arudi kambini kwa haya. Hapo alijifunza kwamba koti jema halimpi mtu ruhusa ya kuidharau hali ya hewa.

Mwezi wa Oktoba walitoka tena, watu watano na mbwa 52. Sasa siku zilikuwa na jua, na kazi ilitia joto. Basi hawakung'ang'ania ngozi nzito. Mara nyingi walivaa nguo za sufu na juu yake vazi jepesi la kuzuia upepo. Tarehe 14 Desemba 1911 walisimama kwenye Ncha ya Kusini, watu wa kwanza kufika huko. Wote watano walirudi salama kambini tarehe 25 Januari 1912.

Scott na wenzake wanne walifika Nchani tarehe 17 Januari 1912, wakafa wote njiani wakirudi. Walikuwa mashujaa, na mambo mengi yaliwashinda: njaa, dhoruba, na uchovu wa kukokota mizigo yao wenyewe. Lakini hawakuwa na makoti ya ngozi ya Wainuit.

Mwezi wa Juni 1928 Amundsen alipanda ndege kwenda kuwatafuta watu waliopotea katika barafu ya kaskazini, naye hakuonekana tena. Hivyo alikufa akiwasaidia wengine.

Watu husema kuuliza si ujinga. Amundsen alikuwa msafiri hodari, lakini hakuona haya kuwauliza wenyeji vazi gani lifaalo, wala kulivua koti zito hewa ilipobadilika. Kwa sababu hiyo aliwarudisha wenzake wakiwa hai.