Marehemu Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Wanyama

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Ujana wake ulikwisha katika vibarua: mashamba ya mkonge Tanga, kisha kazi za nyumbani Dar es Salaam. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora simba, chui na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Aliuza picha zake Oysterbay, na jamaa zake akawafundisha. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora miaka minne tu, lakini wanafunzi wake waliendelea, na uchoraji ule huitwa Tingatinga hata leo. Nasi hapa Mwakitolyo, mwenye ujuzi asizikwe nao.