Askofu aliyetafsiri Biblia moja akanukuu nyingine

Wanafunzi wengi wanaochunguza mahubiri ya kale ya Kiingereza huanza na dhana iliyo rahisi mno: kwamba kila aliyepanda mimbari baada ya mwaka 1611 alinukuu Biblia ya Mfalme James. Maisha ya Lancelot Andrewes yatosha kuibomoa dhana hiyo.

Andrewes alizaliwa London mwaka 1555, mwana wa baharia. Alisoma katika shule ya Merchant Taylors, kisha akaenda chuo cha Pembroke, Cambridge, alichokuja kukiongoza tangu 1589 hadi 1605. Husimuliwa kwamba kila mwaka alipokwenda likizo kwa wazazi wake, alitafutiwa mwalimu wa kumfundisha lugha mpya. Kilatini, Kiyunani na Kiebrania alivimudu barabara.

Mwaka 1604 Mfalme James aliagiza tafsiri mpya. Hakuipenda Biblia ya Geneva ya 1560, hasa maelezo ya pambizoni ambayo, kwa maoni yake, yalidunisha mamlaka ya wafalme. Andrewes alikabidhiwa jopo lililotafsiri kuanzia Mwanzo hadi kitabu cha pili cha Wafalme. Baadaye alikuwa askofu wa Chichester, Ely na hatimaye Winchester, na kwa miaka mingi akahubiri mbele ya mfalme huyo siku za Krismasi na Pasaka.

Ajabu ni kwamba, hata baada ya 1611, aghalabu aya za kufungulia mahubiri yake alizitwaa katika Biblia ya Geneva. Katikati ya hoja aliingiza Kilatini cha Vulgata, akakifasiri mwenyewe papo hapo na kupima neno baada ya neno.

Je, huo ulikuwa ukaidi? La hasha. Andrewes hakuwa mtu wa kumpinga mfalme. Mwaka 1613 alikuwa miongoni mwa maaskofu waliokubali kubatilishwa kwa ndoa ya Earl wa Essex, jambo alilolitaka James, na doa hilo halikumtoka. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba Geneva ndiyo iliyokaa masikioni mwake na mwa wasikilizaji wake. Mazoea yana taabu.

Andrewes alifariki Septemba 1626, akazikwa Southwark. Mwaka 1629 William Laud na John Buckeridge walichapisha mahubiri yake 96, na humo ndimo ushahidi ulimo.

Hivyo, mwanafunzi akikuta nukuu isiyolingana na Biblia ya 1611, asikimbilie kusema mhubiri amekosea. Ailinganishe kwanza na Geneva, na Biblia ya Maaskofu ya 1568, kisha na Vulgata. Zote zikikataa, ndipo afikirie tafsiri ya mhubiri mwenyewe, au kumbukumbu yake.

Nasi walimu wa Kiswahili somo hilo latuhusu. Kabla ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, palikuwa na Biblia ya Kiunguja na ya Kimvita. Anayesahihisha nukuu ya mwandishi wa zama hizo kwa kitabu cha 1952 hasahihishi kosa. Anafuta historia ya lugha kwa wino mwekundu.