Michael Scott

Michael Scott (30 Julai 1907 – 14 Septemba 1983) alikuwa kasisi wa Kianglikana kutoka Uingereza aliyetetea haki za Waafrika na kupinga majaribio ya silaha za nyuklia.

Maisha

Alizaliwa Lowfield Heath, Sussex. Mwaka 1946 alifungwa nchini Afrika Kusini kwa kushiriki upinzani wa Wahindi wa Durban dhidi ya sheria za ubaguzi. Mwaka 1949 alifikisha malalamiko ya Waherero wa Namibia mbele ya Umoja wa Mataifa.

Kupinga majaribio ya nyuklia

Ufaransa ilipopanga kulipua bomu la atomiki jangwani Sahara, wengi katika Afrika Magharibi walihofia kwamba upepo ungewaletea vumbi lenye mionzi. Desemba 1959 Scott na wenzake, Waafrika na wageni, walifunga safari kutoka Accra bila silaha kuelekea Reggane, Algeria. Walizuiwa na wakuu wa Kifaransa katika Volta ya Juu (leo Burkina Faso). Bomu lililipuliwa tarehe 13 Februari 1960, lakini safari hiyo ilifanya hatari yake ijulikane na watu wengi zaidi. Mwaka huohuo Scott alianzisha Kamati ya Watu 100 pamoja na Bertrand Russell.

Mwaka 1962 alifanya kazi Dar es Salaam na Brigedi ya Amani ya Dunia, iliyounga mkono uhuru wa Zambia.

Mkataba wa mwaka 1963 ulikataza majaribio hewani, majini na katika anga-nje, ila si chini ya ardhi. Ufaransa haikutia sahihi. Iliendelea kulipua mabomu Algeria hadi 1966.