Maisha ya Lee de Forest, Mtu wa Lampu ya Redio

Hapa kwetu Fizi na Baraka, mbele ya simu za mkononi kufika, habari nyingi za mbali zilipita kwa foni, ile redio ya kusema na kujibu. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyesaidia sana sauti ipite hewani.

Lee de Forest alizaliwa tarehe 26 Agosti 1873 huko Council Bluffs, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji. Mwaka 1879 familia ilihamia Talladega, Alabama, baba aongoze shule iliyoanzishwa kwa Weusi waliotoka utumwani. Wazungu wengi wa mji ule wakawatenga. Basi Lee akacheza na watoto weusi. Baba alitaka awe mchungaji, lakini kijana alipenda mashini tu. Akasoma Yale, akapata udaktari mwaka 1899.

Mwaka 1906 alichukua lampu yenye uzi wa moto na sahani ya chuma, akatia waya wa tatu katikati. Umeme kidogo juu ya waya ule ukatawala umeme uliopita ndani ya lampu, kama mlango mdogo unavyotawala maji ya mfereji.

Lakini tuseme ukweli: mwenyewe hakuelewa vizuri kazi ya lampu yake. Alifikiri lazima gesi kidogo ibaki ndani. Wengine njo walioiondoa, lampu ikapata nguvu. Na Edwin Armstrong, mwanafunzi wa New York, njo aliyeeleza vizuri namna inavyofanya kazi. Wawili hawa walishitakiana miaka mingi. Mwaka 1934 de Forest alishinda mahakamani, lakini mainjinia wengi walimpa Armstrong heshima.

Kuelewa kuna faida gani? Tuangalie mashini ya lampu ya kutuma sauti. Fundi anazungusha kondensa ya lampu ya mwisho huku akitazama sindano ya mita inayopima umeme wa sahani. Sindano ikishuka chini kabisa, bobini na kondensa vimepatana na mawimbi. Kisha anaongeza mzigo wa antena polepole. Sindano inapanda mpaka kipimo chake, naye anapatanisha tena. Asiyejua anafurahi kuona sindano juu sana. Kumbe nguvu haifiki kwenye antena! Inageuka joto, sahani inakuwa nyekundu, lampu inakufa.

De Forest alifariki Hollywood tarehe 30 Juni 1961, akiwa na miaka 87. Kampuni zake nyingi zilianguka, akaacha pesa kidogo sana. Hata hivyo, bila ule waya wa tatu, redio ingekawia.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunakariri fomula usiku kucha, na pointi zikipanda tunafurahi. Tujiulize, ndugu: nguvu inafika kwenye antena, ao ni joto tu?