Victor Horsley: Mpasuaji Aliyeufikia Ugwe wa Mgongo

Katika vijiji vya Bungoma na viungani mwa Kitale, mtu akianza kufa ganzi miguuni pasi na kuanguka wala kuumia, aghalabu hudhaniwa karogwa. Huku jamaa wakimsaka mbaya wao, huenda chanzo ni uvimbe usio wa saratani unaoubana ugwe wa mgongo. Uvimbe huo hausambai mwilini, ila mfereji wa pingili ni finyu mno; hata ukiwa mdogo kama lozi hutosha kupoozesha. Aliyedhihirisha kwamba waweza kuondolewa na mgonjwa akainuka ni Victor Horsley.

Horsley alizaliwa London tarehe 14 Aprili 1857, akasomea udaktari katika University College. Mnamo 1886 aliteuliwa mpasuaji katika hospitali ya waliopooza na wenye kifafa, Queen Square. Mwaka uliofuata, daktari William Gowers alimkabidhi afisa wa jeshi wa miaka 42. Bwana huyu alikuwa ameteswa na maumivu ya mgongo kwa takriban miaka 3, akazunguka kwa matabibu bila nafuu hadi miguu ikapooza. Eksirei haikuwapo, ilivumbuliwa 1895. Gowers aliusoma mwili wenyewe: maumivu yalikoanzia, na mpaka ambapo ngozi ilikoma kuhisi. Kwa dalili hizo alikadiria mahali pa uvimbe.

Tarehe 9 Juni 1887 Horsley alimpasua. Alipofungua palipokadiriwa hakuona kitu. Hakukata tamaa; aliondoa mfupa zaidi upande wa juu, akaukuta. Mgonjwa alipata nguvu hatua kwa hatua, akatembea na kurejea kazini.

Horsley alitunukiwa cheo cha Sir mnamo 1902. Aidha, alitetea haki ya wanawake kupiga kura na kupinga ulevi. Alifariki kwa athari za joto kali huko Amara, Iraki, tarehe 16 Julai 1916, akiwa katika utumishi wa tiba jeshini.

Leo picha za MRI huuonyesha uvimbe kabla ya kisu kugusa ngozi. Hata hivyo, ugwe uliobanwa kwa muda mrefu huenda usirejee hali yake. Kwa hivyo, ganzi inayopanda kutoka miguuni, au haja ndogo isiyozuilika, ifikishwe hospitalini mapema, kabla ya mashaka ya uchawi kumaliza siku za mgonjwa.