Malinche: Manzi Aliyeuzwa na Mathe Wake, Kisha Akawa Mdomo wa Wahispania Mexico

Huko Mexico kuna tusi linaitwa malinchista. Ni la mtu anayedharau vya kwao na kushobokea kila kitu kilichotoka ng'ambo, kuanzia viatu hadi mchumba. Tusi lenyewe limetokana na jina la manzi mmoja aliyedead karibu miaka 500 iliyopita, akiwa bado mbichi kabisa, hata 30 ni kama hakufika. Wengi wanaolitumia hawajawahi keti chini wakaskiza stori yake. Wacha tuibonge leo.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1500, pande za Coatzacoalcos, kusini mwa Ghuba ya Mexico. Bernal Díaz del Castillo, askari Mhispania aliyemjua uso kwa uso na akaandika kitabu akiwa mzee, anasema manzi huyu alitoka kwa familia ya machifu. Kisha mshua akadead. Mathe akaolewa na jamaa mwingine, wakapata mtoi wa kiume, na kikaumana: huyu msichana wa bwana wa kwanza alikuwa anasimama katikati ya kijana na urithi. Usiku mmoja akapeanwa kwa wafanyabiashara, na kwa kuwa mtoto wa mtumwa fulani alikuwa amekufa siku hizo, kijiji kikaambiwa marehemu ni yeye. Wakamlilia mtu ambaye yuko hai, amefungwa njiani akipelekwa sokoni.

Akauzwa tena na tena mpaka akatua Potonchán, Tabasco, kwa Wamaya. Kwao alikuwa ameongea Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Hapa kwa mabosi wapya ilibidi ashike Kimaya, maana mtumwa asiyeelewa anachotumwa anachapwa. Hakuna mtu alikuwa na habari kwamba hiyo lugha ya pili ndiyo ingepindua bara zima.

Machi 1519 Hernán Cortés akatokea na meli 11, farasi na mizinga. Wamaya wa Potonchán wakapigana naye pale Centla, wakalemewa. Ili kuomba amani wakampa dhahabu, chakula na wanawake 20. Manzi wetu alikuwa mmoja wa hao 20. Padre akawamwagia maji ya ubatizo, yeye akaitwa Marina, kisha Cortés akawagawa kwa makapteni wake kama watu wanagawana miraa. Marina akaangukia Alonso Hernández Portocarrero.

Sasa shika hapa. Cortés alikuwa na mkalimani tayari, msee anaitwa Jerónimo de Aguilar, Mhispania ambaye meli yake ilizama mwaka wa 1511 akaishi na Wamaya miaka minane. Kimaya alikuwa anakitema vizuri. Lakini walipofika San Juan de Ulúa mwezi wa Aprili, wajumbe wa Moctezuma wakaja wakiongea Kinahuatl na Aguilar akabaki ametoa macho. Ni hapo mmoja wa wale wanawake watumwa akaonekana akipiga stori na wajumbe bila shida yoyote.

Kuanzia siku hiyo kazi ilienda hivi: Cortés anaongea Kihispania, Aguilar anageuza Kimaya, Marina anageuza Kinahuatl. Jibu linarudi njia hiyo hiyo. Polepole, lakini ilifanya kazi. Portocarrero alipotumwa Uhispania mwezi wa Julai, Cortés akamchukua Marina akae naye, kazini na kitandani. Kama alitaka, hakuna aliyemuuliza. Na kwa sababu alikuwa na kichwa chepesi, Kihispania akakinasa haraka, Aguilar akaanza kukosa kazi.

Wenyeji hawakuwa na sauti ya r, kwa hivyo Marina likawa Malina, wakaongeza -tzin ya heshima, likawa Malintzin. Wahispania nao wakalisikia kama Malinche. Cha kuchekesha ni kwamba watu walianza kumuita Cortés mwenyewe Malinche, yaani yule bwana wa Malintzin. Fikiria mkubwa wa jeshi anajulikana kwa jina la mtu ambaye juzi alikuwa amepewa kama zawadi.

Sehemu ngumu ya stori ni Cholula, Oktoba 1519, na hapa siwezi kumsafisha. Inasemekana mwanamke mzee wa mji huo alimpenda, akataka awe mke wa mwanawe, akamchanua kwamba kuna njama ya kuwamaliza Wahispania, ahepe mapema. Malinche akapeleka sosi hiyo moja kwa moja kwa Cortés. Wakubwa wa mji wakaitwa uwanjani, milango ikafungwa. Cortés mwenyewe aliandika kwamba watu zaidi ya 3,000 waliuawa ndani ya saa mbili. Wapo wanaosema njama hiyo haikuwepo, ilikuwa kisingizio tu. Vyovyote vile, damu ilimwagika, na maneno yalipitia kinywa chake.

Novemba 8, 1519, wakaingia Tenochtitlan, mji uliojengwa juu ya ziwa, mkubwa kuliko karibu miji yote ya Uhispania. Moctezuma akatoka kuwapokea. Huyu ni mfalme ambaye raia wa kawaida hawakuruhusiwa kumwangalia usoni. Katikati ya hao mabuda wawili akasimama msichana aliyeuzwa kama mtumwa, anaongea na wote wawili. Na Kinahuatl cha ikulu si cha sokoni. Kina mafumbo na heshima zake, ukikosea umejianika. Yeye alikiweza.

Juni 30, 1520, wenyeji walichoka na kuwafurusha. Mamia ya Wahispania na washirika wengi wa Tlaxcala walikufa usiku huo, wengine wakizama na dhahabu waliyobeba. Malinche akatoka mzima. Kisha ndui, ugonjwa ulioletwa na meli, ukafagia mji kuliko panga lolote, na Agosti 13, 1521, Tenochtitlan ikaanguka.

Mwaka uliofuata akamzalia Cortés mtoi, Martín. Mtoto akachukuliwa na babake kwenda Uhispania akiwa mdogo, 1528, na Papa akamhalalisha. Malinche mwenyewe hakuolewa na Cortés. Mwaka wa 1524, wakiwa safarini kwenda Honduras, alipeanwa tena, safari hii kwa ndoa na kapteni Juan Jaramillo, na akapewa ardhi.

Safari hiyo ilipita kwao ocha. Mathe na yule ndugu wa kambo wakaitwa mbele yake, wakitetemeka, wakijua huu ndio mwisho. Bernal Díaz anasema aliwasamehe, akawapa nguo na vito, akawaacha waende. Mimi ningekuwa yeye, sijui.

Akamzalia Jaramillo msichana, María, na kufikia 1529 alikuwa amekufa. Cortés, kwenye barua zake ndefu kwa mfalme, anamtaja mara mbili tu. Wenyeji wa Tlaxcala ndio walimchora kila mahali, amesimama katikati, mara nyingine mkubwa kuliko Cortés.

Jina lake lilichafuka baadaye sana. Mexico ilipopata uhuru mwaka wa 1821 ilihitaji mtu wa kulaumiwa kwa zile miaka 300 za ukoloni, na mwanamke aliyekufa hawezi kujitetea. Akaitwa msaliti aliyeuza watu wake. Lakini watu wake ni nani hasa? Taifa la Mexico halikuwepo. Waazteki walikuwa wanatoza ushuru majirani kwa nguvu, ndiyo maana Watlaxcala kwa maelfu walijiunga na Cortés, na bila wao hao Wahispania mia chache hawangefika popote. Kwao ndio walimuuza. Huyo alikuwa akijaribu kuona kesho.

Wanawake waandishi wenye asili ya Mexico walianza kumtetea miaka ya 1970, lakini ubishi haujaisha. Mwaka wa 1982 sanamu yake, Cortés na mtoto wao iliwekwa Coyoacán, watu wakazusha hadi ikahamishwa kwa bustani isiyo na watu wengi. Na lugha yake bado iko nasi: chokoleti, tomato na hata hiyo ovacado unaweka kwa kachumbari ni majina yenye mizizi ya Kinahuatl, yaliyosafiri dunia nzima kwa mdomo wa Wahispania.

Kati ya Tlaxcala na Puebla kuna mlima wa volkeno wenye zaidi ya mita 4,400. Wenyeji wanauita Malinche, na wikendi watu hupanda wakiwa na chai kwenye chupa.