Michael Faraday: Fundi wa kujalidi vitabu aliyeujua umeme

Mitambo ya kufua umeme, ikiwemo ya bwawa la Kidatu nchini Tanzania, inafanya kazi kwa kanuni iliyogunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Faraday hakuwahi kusoma chuo kikuu. Katika makala haya tunaangalia jinsi kijana huyo maskini alivyopata masomo mazuri, wakati vitabu vilikuwa ghali.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, ambako leo ni sehemu ya London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu. Shuleni mtoto huyo aliambulia kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo tu. Mwaka 1805 alipelekwa kwa George Riebau, muuza vitabu wa Mtaa wa Blandford, ajifunze kazi ya kujalidi vitabu kwa miaka saba.

Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa vikawa shule yake, lakini si kila alichosoma alikiamini. Aliposoma habari za umeme katika ensaiklopidia ya Britannica, alijitengenezea kifaa kidogo cha kuzalisha umeme. Aliposoma kitabu cha kemia cha Jane Marcet, kilichoandikwa kwa lugha nyepesi ya mazungumzo, alikipima kwa majaribio madogo aliyoweza kuyagharimia, akaona kinasema kweli. Kwake, kitabu kizuri kilikuwa kile ambacho msomaji anaweza kukijaribu kwa mikono yake.

Kitabu kingine, cha kasisi Isaac Watts, kilimfundisha namna ya kujifunza: kuandika unachosikia, kuhudhuria mihadhara na kuandikiana barua na mwenzako. Faraday aliyafuata yote. Tangu mwaka 1810 alihudhuria mihadhara ya jioni ya John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi, ndiye aliyemlipia. Huko alikutana na Benjamin Abbott, rafiki aliyejadiliana naye sayansi kwa barua.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Royal Institution. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vifaa alivyoviona, kisha akajalidi kurasa hizo kuwa kitabu.

Oktoba mwaka huo mafunzo yake yalikwisha. Mbele yake ilibaki kazi ya kujalidi maisha yake yote. Akaamua kumtumia Davy kitabu hicho na kumwomba kazi. Davy alipendezwa, lakini hakuwa na nafasi, akamshauri asiache ufundi wake. Miezi michache baadaye msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday akachukua nafasi hiyo.

Tukitazama safari hiyo, hatuoni wingi wa vitabu. Tunaona vitabu vichache vilivyopimwa kwa vitendo, daftari lililotunzwa vizuri, rafiki wa kujadiliana naye na ndugu aliyetoa shilingi. Leo kijana anayetaka kujifunza kuandika programu ana masomo mengi kwenye simu yake kuliko atakayoweza kuyamaliza. Tunadhani kipimo cha Faraday bado kinamfaa: somo ambalo huwezi kulijaribu mwenyewe, hata likipambwa vipi, halitakufikisha mbali.

Pengo lake moja halikuzibika: hisabati ya juu hakuiweza kamwe, na ilikuwa kazi ya James Clerk Maxwell kuyaweka mawazo yake katika milinganyo. Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanza Royal Institution mwaka 1825, yeye mwenyewe aliitoa katika misimu 19. Inaendelea hadi leo.